Walikataa mara ya kwanza: namna ya kupanga upya dosye ya kumfuata bwana ao bibi



Tangu niliandika mu kikundi chetu kama ombi langu la kumfuata bwana limekubaliwa, nimepata ujumbe nyingi sana. Karibu wote munaomba kitu kimoja: "Dada, tuma modeli ya dosye, nasi tujaze." Sina modeli. Hata ningekuwa nayo singeituma, sababu modeli njo ilituangusha mara ya kwanza. Tulichukua dosye ya mtu mwingine, tukabadilisha majina na tarehe, tukafuata njia yake hatua kwa hatua. Yake ilipita, yetu ikakataliwa. Ilituomba karibu miaka mbili kuelewa kwa nini, na ile miaka mbili mtoto wetu alikuwa anamjua papa yake kwa simu tu.

Kwa hiyo badala ya modeli ninawaandikia maelezo. Mimi si mwanasheria. Nilisoma agronomia, nilipata lisansi, kazi yangu ni kufuata wakulima wa kakao kutoka hapa Mavivi mpaka upande wa Oicha. Lakini mambo haya nimeyasoma kwa macho ya mtu mwenye alikuwa na kitu cha kupoteza. Bwana wangu alikimbia vita, akapata hadhi ya mkimbizi mu inchi moja ya Ulaya. Ile inchi na biro yenye ilitukatalia sitaitaja, sababu kosa lilikuwa mu karatasi zetu, halikuwa kwao. Kwa kueleza sheria nitatumia zaidi Ubelgiji na Ufaransa, sababu wandugu wetu wengi wako kule.

Mukumbuke kitu kimoja chenye kila mtu wa Beni anajua. Mnunuzi akirudisha gunia yako ya kakao, hautarudi kesho na gunia ile ile. Unauliza kwanza: imekataliwa juu ya nini? Kama ni maji yamepita asilimia 8, unaianika tena. Kama ni kuvunda vibaya, kuanika hakusaidii kitu. Dosye nayo ni vile. Kila sababu ya kukataliwa iko na dawa yake, na dawa ya ugonjwa mwingine haiponyeshi.

1. Soma barua ya kukataliwa kama mtihani

Siku barua ilifika, tulisoma mustari mmoja tu: hapana. Tukalia, tukaifunga. Kisha mwezi nzima njo avoka mmoja aliniambia: "Dada, hii barua si ya kulilia. Humu ndani wamekuandikia chenye walikosa."

Mu inchi za Umoja wa Ulaya, kukataa kuunganisha jamaa kunapashwa kuandikwa na kuelezwa sababu. Sababu karibu zote zinaingia mu makundi tano:

Kwanza, karatasi za etasivili haziaminiki: majina hayafanani, tarehe hazipatani, akte haiko na muhuri wa kweli.
Pili, hawaamini kifungo chenyewe: wanaona ndoa ni ya kutafuta karatasi tu.
Tatu, mwenye kuwa kule hatimizi masharti: mshahara, nyumba, bima ya afya.
Ine, umepita muda ao umepita mlango usio wako.
Tano, usalama na utulivu wa inchi: mtu iko na hukumu ao ametumia karatasi za uongo.

Yetu ilikuwa ya kwanza, lakini ilizaa ya pili. Mahari yetu ilitolewa 2017. Mbuzi zilifika, wazee wa pande mbili walikaa, watu walikula. Ku leta hatukwenda. Wengi wenu munajua vile inakuwa: unasema tutaandikisha kisha, kisha haifiki. Bwana alikimbia 2019. Kule, alipohojiwa juu ya ukimbizi, aliulizwa kama iko na bibi, akajibu kweli: "Nilioa 2017." Sasa 2021 tulihitaji akte ya ndoa. Mtu wa jamaa alikwenda ku biro moja, akaleta akte. Iliandikwa kwa maneno ya kila siku ya ile karatasi: leo, mu mwaka wa 2021, wamejitokeza mbele yetu fulani na fulani.

Hakuna mtu alisoma. Tuliona muhuri, tukashangilia. Lakini mwenye kusoma dosye kule alisoma. Aliuliza jambo rahisi: huyu mwanaume mwaka wa 2021 alikuwa kwetu hapa, alikuwa na karatasi zetu, sasa namna gani alisimama Congo mbele ya mwandishi wa etasivili? Na kama walioana 2021, mbona yeye alisema 2017? Ukiwa mu nafasi yake, nawe ungekataa.

2. Kukata rufaa ao kuanza ombi mpya?

Hii njo swali ya kwanza kisha kusoma barua, na siku zinahesabiwa.

Ubelgiji, rufaa inaenda ku baraza la mashauri ya wageni lenye liko Bruxelles, na muda ni siku 30. Ile baraza, mu mambo ya kuunganisha jamaa, inatazama kama biro ilifuata sheria siku ilikata uamuzi. Haipokei akte mpya yenye ulipata kisha. Basi kama biro ilikosea, ilisahau karatasi yenye ulitoa, ao haikueleza sababu, rufaa ni njia nzuri. Kama wewe njo ulikosea, rufaa itakulia muda na makuta ya avoka, na mwisho watakuambia kama biro ilifanya vizuri na vile ilikuwa nayo mikononi.

Ufaransa, unaanza na tume ya rufaa za viza yenye iko Nantes. Kuanzia 2023 muda ni siku 30, zamani ilikuwa miezi mbili. Wengi bado wanaambiana "miezi mbili" na wanapitwa. Ile tume ikinyamaza miezi mbili, kunyamaza kwake ni kukataa, na unaweza kwenda ku tribinali ya Nantes. Bila kupita ku tume kwanza, tribinali haikupokei.

Canada ni tofauti. Kule mwenye kukata rufaa ni yule mwenye kuwa Canada, siku 30, na kitengo cha rufaa kinaweza kusikiliza shahidi na kupokea vitambulisho vipya. Njo sababu ninawaambia musikopie ushauri wa ndugu wa Montréal kwa dosye ya Liège. Neno ni moja, "rufaa", lakini ndani ni vitu viwili.

Sisi tuliacha rufaa, tukaanza ombi mpya. Hakuna sheria yenye inasema ukikataliwa mara moja umefungiwa. Unaweza kuomba tena hata kesho yake. Lakini kuomba tena na karatasi zile zile ni kuomba kukataliwa mara ya pili, na kila mara unalipa upya.

3. Jua mlango wako, na jua saa yake

Watu wengi wanasema "kuunganisha jamaa" kama vile ni kitu kimoja. Haiko kimoja. Kuna mlango wa bibi ya mwenye uraia wa kule, mlango wa bibi ya mgeni mwenye kibali cha kukaa, na mlango wa bibi ya mkimbizi. Kila moja na masharti yake.

Mlango wa mkimbizi njo mwepesi zaidi, lakini uko na saa. Mu Umoja wa Ulaya kuna agizo 2003/86 la tarehe 22/9/2003 juu ya haki ya kuunganisha jamaa. Danemark na Irlande hazimo. Lile agizo linasema mkimbizi hatalazimishwa kuonyesha mshahara, nyumba na bima. Lakini linaruhusu inchi kuyadai kama ombi halikuingia ndani ya miezi 3 tangu hadhi ya ukimbizi ilitolewa. Ujerumani na Uholanzi zinatumia miezi 3. Ubelgiji ilikuwa inatoa mwaka nzima, ikafupisha 2025. Kwa hiyo ndugu akikupigia simu na furaha, "Nimepata hadhi!", mpongeze, kisha umuulize siku ile ile: barua ina tarehe gani?

Ufaransa haina hiyo saa kwa mkimbizi, wala sharti ya mshahara. Lakini inataka ndoa iwe ya mbele ya siku aliomba ukimbizi. Mkioana kisha, munapita mlango wa kawaida: mwenye kuwa kule awe amekaa miezi 18, awe na mapato na nyumba. Mu dosye yetu, ile tofauti ya 2017 na 2021 haikuwa kosa dogo la tarehe. Ilikuwa inatutoa mu mlango mmoja na kututupa mu mwingine wenye hatuwezi.

Mwenye jamaa yake iko Amerika, aangalie hii: Marekani, mkimbizi iko na miaka 2 tangu kuingia ili aombee bibi na watoto kupitia fomu ya I-730, na ndoa iwe ilikuwako mbele hajaingia. Canada, mtu mwenye hakutaja bibi wala mtoto siku ya kuingia kama mkaaji, anaweza kuzuiwa kumuombea kisha, hata kama ndoa ni ya kweli kabisa. Nimesikia watu mu kambi za Uganda wakishauriana "sema uko célibataire, dosye itaenda haraka". Ile haraka wanakuja kuilipa miaka mingi. Sema kweli siku ya kwanza.

Na kwa wenye wako mu mlango wa mshahara: mukikataliwa kwa sababu "mapato hayafiki", musiishie hapo. Tarehe 4/3/2010, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikata shauri la bibi Chakroun, mama wa Maroc. Aliolewa 1972, na bwana wake alikuwa Uholanzi tangu 1970. Walimkatalia juu bwana hakufikisha kiwango cha asilimia 120 ya mshahara wa chini. Mahakama ilisema inchi inaweza kuweka kiwango, lakini haiwezi kukitumia kama kisu cha kukata kila mtu bila kutazama hali ya ile jamaa. Basi mu ombi mpya andika hesabu yenu: kodi ya nyumba ni ngapi, deni iko ao haiko, mkataba wa kazi ni wa namna gani.

4. Karatasi za hapa kwetu

Hapa njo kazi yenyewe iko, na hakuna avoka wa Ulaya atakufanyia.

Ndoa. Kodi ya jamaa ya Congo ni sheria 87-010 ya tarehe 1/8/1987, ilibadilishwa na sheria 16/008 ya tarehe 15/7/2016. Inakubali ndoa yenye ilifanywa mu jamaa kufuatana na mila, lakini inataka iandikishwe ku etasivili. Akte ya kanisa peke yake haitoshi, hata ikiwa na picha ya askofu. Mukiandikisha ndoa ya mila kisha miaka, hakikisheni akte inasema mambo mbili: siku ndoa ilifanywa mu jamaa, na siku imeandikishwa. Ni tarehe mbili, si moja. Na kama mmoja haiko, akte iseme haiko, na iseme nani anamwakilisha kwa karatasi gani. Kusema uongo mdogo ili fomu ijae njo kulituua.

Akte ikiwa tayari na kosa, usitengeneze ingine ya kuificha. Tulijaribiwa kufanya vile. Avoka alituambia: "Wako na ya kwanza mu kabati. Ukileta ya pili bila kueleza, wataona mbili, na hawataamini hata moja." Basi tulikwenda ku tribinali ya amani kuomba hukumu ya kusahihisha. Walikuja mashahidi wa pande mbili, wazee wenye walihesabu mbuzi siku ya mahari, na mkubwa wa kijiji. Hukumu ilipotoka tulingoja muda wa rufaa upite, tukachukua sertifika ya kuonyesha hakuna mtu alikata rufaa, kisha kosa likasahihishwa mu kitabu cha etasivili. Bila ile sertifika, hukumu yako ni nusu karatasi.

Kuzaliwa. Tangu 2016, mtoto anaandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, unapita ku tribinali kutafuta hukumu ya kujaza nafasi ya akte. Wengi wetu tulizaliwa mu vita, hatukuandikishwa. Lakini muangalie: hukumu yenye imetoka wiki mbili mbele ya ombi inaamsha mashaka. Haiko kosa, ila ueleze: kwa nini sasa, kwa nini si zamani. Andika kama mulikimbia, kutoka wapi kwenda wapi.

Majina. Sisi Wanande tuko na shida ya peke yetu. Jina la kuzaliwa linafuata nafasi ya mtoto mu tumbo la mama: Paluku, Kambale, Kasereka kwa wavulana, Masika, Kavira, Kavugho na wengine kwa wasichana. Afisa wa kule akiona dosye kumi za kina Kambale na Masika, anafikiri ni jamaa moja ao ni uongo. Tena tunabadilisha mpangilio: ku shule jina la kizungu linatangulia, ku karte ya uchaguzi linakuja mwisho. Mwingine anaandika Kavugho, mwingine Kavuo. Nilitengeneza ukurasa mmoja wenye meza: karatasi gani, jina langu limeandikwa namna gani, kwa nini. Na nikaeleza kwa mistari ine desturi yetu ya majina. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini mtu wa kule hajui, na hatakuuliza.

Kuhakikisha mihuri. Congo haimo mu makubaliano ya apostille, basi akte zinapita njia ndefu: zinahakikishwa Kinshasa ku wizara ya mambo ya inje, kisha ku ubalozi. Tangu M23 waliingia Goma mwezi wa kwanza 2025, uongozi wa jimbo unafanya kazi hapa Beni. Mwenye karatasi zake zilitoka mu eneo lenye haliko mu mikono ya serikali, aulize Kinshasa mapema kama watazihakikisha, mbele ya kulipa tikiti.

5. Na kama karatasi imepotea kabisa?

Kuna kati yenu wenye nyumba ziliungua na kila kitu ndani. Kwa jamaa ya mkimbizi, lile agizo la 2003, mu kifungu cha 11, linasema wazi: kama mkimbizi hawezi kuleta karatasi za leta, inchi inapashwa kutazama ushuhuda mwingine, na haiwezi kukataa kwa sababu hiyo moja tu ya kukosa karatasi. Tarehe 13/3/2019, mu shauri C-635/17 la mama mmoja wa Eritrea mwenye alikuwa Uholanzi, mahakama ya Ulaya iliongeza kama biro inapashwa kusikiliza maelezo ya mtu na kutazama hali ya inchi yake, haitoshi kusema "hakuna akte, hapana".

Lakini elewa vizuri: hiyo haiko ruhusa ya kukaa mikono mitupu. Unapashwa kueleza kwa nini haiko na ulijaribu nini. Sisi tulitia risiti za makuta bwana alikuwa anatuma kila mwezi, picha za siku ya mahari zenye wazee wale wale wa tribinali wanaonekana, akte ya mtoto, ujumbe za simu za miaka mbalimbali (chache, si kurasa mia tano), na barua za watu wenye walituona tukiishi pamoja, kila mtu na kopi ya karte yake. Kipimo cha ADN hakionyeshi ndoa, lakini kinaonyesha mtoto ni wa ninyi wawili, na hiyo inasaidia kifungo kuaminika.

Kuna shauri lingine lenye ninalipenda sana sisi watu wa mbali na Kinshasa. Jamaa moja ya Syria ilikuwa mu mji wa Afrin, papa alikuwa mkimbizi Ubelgiji. Avoka alituma ombi kwa imeli, juu mama na watoto hawakuweza kutoka kufika ku ubalozi. Ubelgiji ilisema lazima wajilete wenyewe. Tarehe 18/4/2023 mahakama ya Ulaya ilisema hapana: kama kufika ku ubalozi haiwezekani ao ni kugumu kupita kiasi, inchi haiwezi kulazimisha watu wafike siku ya kutia ombi. Inaweza kuwaita kisha, kwa alama za vidole na kuhakikisha ni wao. Mtu wa hapa anajua maana ya njia kufungwa. Kama saa yako ya miezi inaisha na hauwezi kusafiri, mwambie avoka wa bwana yako jina hilo: Afrin.

6. Barua ya maelezo

Hii njo ilibadilisha dosye yetu, na haikulipwa hata franga moja. Kurasa mbili. Nilianza na kukataliwa kwenyewe: tarehe, namba ya dosye, sababu zenye waliandika. Musifiche kukataliwa. Fomu ikiuliza "umesha kataliwa?" andika ndiyo. Dosye ya kwanza haikufa, na kwa viza fupi za Schengen, vidole na data zinabaki mu mfumo wao miaka 5. Kuficha kunageuza kosa la karatasi kuwa uongo.

Kisha nilichukua kila sababu moja moja, na chini yake jibu na namba ya karatasi yenye inathibitisha. "Mulisema bwana hakuwa Congo 2021. Ni kweli, hakuwako. Akte iliandikwa vibaya. Ndoa ilifanywa mu jamaa 2017, tazama hukumu, karatasi namba 3." Nilikubali kosa letu bila kulia na bila kutukana. Bwana naye aliandika barua yake, peke yake, na hatukufundishana. Tulikumbushana tarehe tu. Mahojiano yakija, watauliza nani alipika, mvua ilinyesha, nyumba ilikuwa na vyumba ngapi. Mukijibu neno kwa neno kama wimbo wa shule, wanashuku. Mukitofautiana mu rangi ya kitambaa, si shida, watu wanasahau. Kile ukisahau, sema umesahau.

7. Wakomisyoneri

Nitasema wazi, sababu wako hata kati yetu wasomi. Kuna watu wanauza "dosye kamili": akte, hukumu, mihuri, dola mia kadhaa. Biro za kule zinaweza kutuma mtu ku tribinali kuuliza kama namba ya hukumu iko mu kitabu. Ikikosekana, haikataliwi ile karatasi peke yake. Dosye nzima inanuka, na hata bwana mwenye amekwisha kupata hadhi anaweza kufunguliwa upya, wamuulize ni nini kingine alidanganya. Unataka kumfuata, unamletea taabu. Akte ya kweli yenye kosa inasahihishwa. Akte ya uongo yenye kuonekana nzuri haisahihishwi.

8. Muda na moyo

Lile agizo la Ulaya linasema jibu lije ndani ya miezi 9 tangu ombi, na kuongezwa ni kwa dosye ngumu tu. Lakini kukusanya karatasi kunaweza kupita hiyo. Hukumu yetu peke yake ilichukua miezi tano. Pangeni makuta kwa vipande: tribinali, Kinshasa, ubalozi, tikiti. Na musiache kuishi. Mimi sikuacha kakao yangu, na hiyo ilinisaidia zaidi ya sala nyingi. Kuna wadada waliacha kazi siku ya kutia ombi la kwanza, wakauza vitanda, wakaaga watu. Kukataliwa kuliwakuta bila kitanda.

Kuna pia wenye watapanga vizuri, na watakataliwa mara ya pili. Siwezi kuwadanganya. Kule ni watu wanasoma, na watu wanachoka, na siasa inabadilika. Lakini kuna tofauti kati ya kukataliwa juu haukueleza, na kukataliwa ukiwa umesema kila kitu. Ya pili, avoka anaweza kuipigania.

Jibu letu lilikuja kwa bahasha nyembamba. Nilikuwa ku bashi ninageuza kakao, ndege inashuka hapa ku kiwanja, sikusikia simu. Mara hii nilisoma barua yote, mpaka chini, mbele ya kulia.

Mwenye iko na barua ya kukataliwa, aitoe leo, aisome na kalamu mkononi, apige mustari chini ya kila sababu. Kisha aniandikie. Musinitumie "modeli", munitumie zile sababu.